Kosa la Kwanza la Tiro

Andiko: Ezekieli 26 hadi 28, Amosi 1:9-10, Marko 7:24-30, Matendo 21:3-6

Hili ni somo la Jumapili iliyopita, ibada ya pili. Nimeliandika kwa ajili ya waliokuwa kazini, na pia kwa wale mliokaa kwenye hema la nje ambako spika ilikuwa inakatika-katika. Chukua Biblia yako uiweke karibu. Sitakunakilia aya hapa. Nitakupa sura na mstari, ufungue mwenyewe, ujionee. Mkristo anayesomewa kila kitu hudanganywa kwa urahisi.

Haya, Ezekieli 26. Ni mwaka wa kumi na moja tangu mfalme Yehoyakini apelekwe Babeli, yaani kama mwaka 586 kabla ya Kristo. Yerusalemu inaanguka. Ezekieli mwenyewe yuko uhamishoni kando ya mto Kebari pamoja na mateka wenzake. Neno la Bwana linamjia, na ajabu ni kwamba halizungumzii Yerusalemu. Linazungumzia mji mwingine, mji tajiri wa pwani unaoitwa Tiro. Mungu anasema ataleta mataifa mengi juu yake, vile bahari inavyoleta mawimbi. Kuta zitabomolewa, mavumbi yake yatakwanguliwa mpaka ubaki mwamba mtupu, na pale palipokuwa na soko la dunia wavuvi watatandaza nyavu zao.

Nimechagua maandiko haya kwa sababu ya swali. Baada ya funzo la Biblia la Jumatano, mama mmoja alibaki nyuma akanionyesha video aliyotumiwa kwenye simu. Binti yake anafanya kazi ya nyumbani kusini mwa Lebanoni. Katika hiyo video, mtu anasoma Ezekieli 26, halafu anaonyesha majengo yaliyobomolewa na mabomu mwaka 2024 katika mji wa Sur, ambao ndio Tiro ya Biblia. Na anashangilia. Anasema Mungu anamalizia kazi yake. Mama akaniuliza, "Pasta, mtoto wangu naye yuko chini ya hiyo hukumu? Nikimwombea, si nitakuwa napingana na Mungu?"

Wapendwa, hilo si swali la wasomi wa theolojia. Ni swali la mzazi ambaye hajui kama anaruhusiwa kuomba. Kanisa lazima limjibu, na limjibu kwa Neno. Kwa hiyo leo tutajifunza kusoma unabii wa hukumu juu ya taifa. Kuna mambo matatu ya kushika.

1. SOMA MASHTAKA KABLA YA KUSOMA HUKUMU

Mtu yeyote aliyewahi kuketi mahakamani anajua utaratibu. Hakimu hatoi kifungo kabla ya mashtaka kusomwa. Lakini sisi tukisoma unabii, tunaruka mashtaka, tunakimbilia kifungo. Tunataka kujua ni nani atapigwa, lini, na kwa silaha gani. Tunasahau kuuliza: alifanya nini?

Ezekieli 26 mstari wa 2 unakupa shtaka la kwanza, na limewekwa mbele kabisa. Tiro ilipoona Yerusalemu imevunjika, ilisema "Aha!" Ilisema lango la mataifa limevunjwa, sasa njia imegeukia kwangu, nitajazwa kwa sababu mwenzangu amekuwa ukiwa.

Umeiona? Kosa la kwanza la Tiro halikuwa ibada ya sanamu, ingawa sanamu ilikuwa nazo. Lilikuwa furaha. Furaha ya kuona jirani ameanguka.

Nilisomea biashara chuoni, na nikisoma Ezekieli 27 naona kama ninasoma daftari la mizigo bandarini. Sura nzima ni orodha. Mbao za merikebu zinatoka Seniri, mlingoti ni mwerezi wa Lebanoni, makasia ni mialoni ya Bashani, tanga ni kitani cha Misri. Tarshishi analeta fedha, chuma, bati na risasi. Sheba analeta manukato, vito na dhahabu. Dameski analeta divai na sufu. Na katika mstari wa 17 utaona Yuda na Israeli nao wamo: walikuwa wakiiuzia Tiro ngano, asali, mafuta na zeri. Yerusalemu ilikuwa mteja na mwuzaji wa Tiro. Zaidi ya hapo, Yuda ilikaa njiani, kati ya Misri upande mmoja na Shamu na Babeli upande wa pili. Misafara ilipita hapo. Ndiyo maana Tiro iliiita lango.

Sisi Wakenya tunajua lango ni nini. Mapema mwaka 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, barabara zilizibwa na reli iling'olewa pale Kibera. Mafuta yakawa haba Uganda na Rwanda, kwa sababu mizigo yao hupitia bandari ya Mombasa. Lango letu lilivunjika, na majirani wakaumia pamoja nasi. Sasa fikiria kungekuwa na jirani anayetazama moshi wetu kwenye televisheni, asiwaze waliochomewa nyumba, bali achukue kalamu na kuhesabu ni meli ngapi zitahamia bandari yake. Hesabu yake inaweza kuwa sahihi kabisa. Mizigo ikikosa njia hii, hutafuta nyingine. Lakini Mungu alikuwa anasikiliza alichosema moyoni alipokuwa akihesabu.

Na kulikuwa na jambo lililofanya ile "Aha" kuwa chungu zaidi. Fungua 1 Wafalme 5. Hiramu mfalme wa Tiro alimpa Sulemani mierezi na mafundi wa kujenga hekalu. Sulemani naye alimpa Hiramu kori 20,000 za ngano kila mwaka, pamoja na mafuta safi. Mstari wa 12 unasema walifanya mapatano. Hekalu lililokuwa linateketea mwaka ule wa 586 lilikuwa na mbao zilizotoka katika mkono wa Tiro. Hii ilikuwa nyumba ambayo babu zao walisaidia kuiinua, na wajukuu wakapiga makofi ilipoungua.

Shtaka la pili ni la zamani kuliko hilo. Fungua Amosi 1:9. Amosi alitabiri zaidi ya miaka 150 kabla ya Ezekieli kuandika. Tayari Tiro ilikuwa imeshtakiwa kwa kutia watu wote mateka mikononi mwa Edomu, na kwa kusahau agano la ndugu. Yoeli 3:4-6 inasema waliwauza watoto wa Yuda kwa Wayunani, wawapeleke mbali na kwao. Rudi Ezekieli 27:13: katikati ya ile orodha nzuri ya bidhaa, kati ya fedha na farasi, kuna mstari unaotaja nafsi za wanadamu zikiuzwa pamoja na vyombo vya shaba. Watu na masufuria katika mstari mmoja. Karani wa Tiro aliandika hivyo bila kutikisika, kwa sababu kwake vyote vilikuwa mizigo.

Shtaka la tatu liko sura ya 28. Wengi wetu tumefundishwa kwamba nyuma ya mfalme wa Tiro kuna Shetani mwenyewe, yule kerubi aliyeanguka. Sina ugomvi na mafundisho hayo leo. Ninachokuomba ni usiruke mstari wa 5, wa 16 na wa 18. Mstari wa 5 unasema hekima yake katika biashara ilimwongezea mali, na mali ikauinua moyo wake. Wa 16 unasema kwa wingi wa biashara yake alijazwa udhalimu ndani. Wa 18 unataja uovu wa biashara hiyo. Kwa hiyo usimpe Shetani sura nzima ukajitoa. Shetani hana kibanda sokoni. Mwenye kibanda ni wewe.

Nisieleweke vibaya. Mungu hachukii biashara. Hakumshtaki Tiro kwa kuwa na merikebu, wala kwa kujua bei ya bati. Faida ya halali ni baraka, na kanisa hili limejengwa kwa sadaka za wafanyabiashara, kuanzia mama mboga hadi mwenye malori. Mungu alishtaki vitu vitatu: kushangilia anguko la jirani, kuuza watu, na moyo uliovimba mpaka ukajiona mungu.

2. FUATA WIMBI BAADA YA WIMBI

Sasa tuje kwenye kutimizwa. Kuna watu husema unabii huu ulishindwa, na wengine husema unatimizwa sasa hivi kwenye taarifa ya habari. Wote wawili hawajausoma polepole.

Mungu alisema mataifa mengi, kama mawimbi. Wimbi haliji moja. Kuanzia mstari wa 7 hadi wa 11 anatajwa Nebukadreza wa Babeli, na maneno ni ya mtu mmoja: atafanya hivi, atafanya vile. Ukifika mstari wa 12, maneno yanageuka kuwa ya wengi: wao watateka, wao watabomoa, wao watatupa mawe na miti na mavumbi majini.

Wimbi la kwanza lilikuja. Nebukadreza aliuzingira mji kwa miaka 13, kama alivyoandika Josephus, mwanahistoria Myahudi. Tiro ilikuwa na sehemu mbili, mji wa bara na mji wa kisiwani. Mwishowe ikakubali kuwa chini ya Babeli, lakini Nebukadreza hakupata ile hazina aliyoitarajia. Nani anatuambia hivyo? Ezekieli mwenyewe! Fungua 29:17-20. Nabii anaandika wazi, tena anatia tarehe, kwamba vichwa vya askari vilipata upara na mabega yakachubuka kwa kazi, na hawakupata mshahara kutoka Tiro. Mungu akasema atawalipa kwa Misri. Wapendwa, hapo ndipo utamjua nabii wa kweli. Hakufuta ukurasa. Hakuwaambia watu kwamba hawana imani ya kutosha. Aliandika lililotokea, akamwacha Mungu aendelee na kazi yake kwa wakati wake.

Wimbi lingine lilikuja mwaka 332 kabla ya Kristo. Alexander Mkuu wa Makedonia alifika pwani, na Tiro ya kisiwani ikamfungia milango ikitegemea bahari. Kisiwa kilikuwa mbali na nchi kavu kwa umbali usiofika kilomita moja. Alexander hakuwa na merikebu za kutosha mwanzoni, kwa hiyo akaamua kutembea. Askari wake walibomoa magofu ya mji wa bara, wakachukua mawe, mbao na udongo, wakatupa baharini mpaka wakajenga barabara ya kwenda kisiwani. Soma tena mstari wa 12 ukishajua hilo. Baada ya miezi 7 mji ulianguka. Waandishi wa kale wanasema watu kama 30,000 waliuzwa utumwani. Mji uliowauza watoto wa Yuda kwa Wayunani uliuzwa na jeshi lililotoka upande wa Wayunani.

Mchanga wa bahari ukajikusanya juu ya ile barabara mwaka baada ya mwaka. Ukitazama ramani leo, Tiro si kisiwa tena. Imeshikamana na bara.

Sasa mtu atauliza: mstari wa 14 unasema haitajengwa tena, mbona Sur iko na watu wanaishi? Swali zuri. Mimi ninaelewa hivi. Shtaka liliandikwa juu ya Tiro fulani: malkia wa bahari, mji uliosema umekamilika kwa uzuri, uliowatoza mataifa na kujiita mungu. Hiyo Tiro ilikufa na haijafufuka. Watu waliendelea kuishi pale, masoko yakafunguliwa tena, lakini mamlaka yale juu ya bahari hayakurudi. Bandari ya leo ni ya wavuvi na nyavu zao. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba bomu la mwaka 2024 ndilo lililotimiza Ezekieli amechelewa zaidi ya miaka 2,000.

Na kumbuka kanuni ambayo Mungu mwenyewe alimpa Yeremia katika sura ya 18 mstari wa 7 hadi wa 10. Taifa likitabiriwa kung'olewa nalo likageuka na kuacha uovu, Mungu huliondolea yale mabaya aliyokusudia. Yona alihubiri kwamba Ninawi ingeangamizwa baada ya siku arobaini, na siku ya arobaini na moja mji ulikuwa bado umesimama, kwa sababu walitubu. Ulianguka baadaye, mwaka 612 kabla ya Kristo, baada ya kizazi kingine kurudia ukatili. Unabii wa hukumu ni kengele ya hatari. Anayepiga kengele anataka watu watoke nje wakiwa hai.

3. ULIZA YESU ALIFANYA NINI NA MJI HUO

Hapa ndipo penye jibu la yule mama. Fungua Marko 7:24. Yesu aliondoka Galilaya akaenda mipaka ya Tiro. Kwa miguu yake. Kama mji ule ungekuwa umefutwa kabisa katika moyo wa Mungu, Mwana wa Mungu angeenda kutafuta nini huko?

Na huko alikutana na nani? Alikutana na mama. Mama wa kule kule, Msirofoinike, si Myahudi. Na alikuwa na shida gani? Binti yake. Anguka miguuni pa Yesu, omba kwa ajili ya binti: ndivyo alivyofanya. Mazungumzo yao yalikuwa magumu, unayajua, lakini yule mama hakusema, "Sisi tuko chini ya unabii wa Ezekieli, acha nirudi nyumbani." Aling'ang'ana. Akarudi akamkuta binti amelala kitandani, pepo amemtoka.

Kwa hiyo nilimwambia dada yetu, nami nawaambia wazazi wote wenye watoto Lebanoni, Saudia, Qatar na kwingineko: mama, omba. Omba bila woga. Hupingani na Mungu. Unafuata njia ambayo mama wa Tiro aliipita kabla yako, na Yesu hakumrudisha mikono mitupu. Binti yako hakwenda huko kushangilia anguko la Yerusalemu. Alienda kutafuta karo ya wadogo zake.

Tena Yesu alisema neno ambalo linapaswa kututisha sisi wa kanisani kuliko mtu yeyote. Mathayo 11:21-22. Aliikemea miji ya Korazini na Bethsaida, miji iliyojaa mahubiri na miujiza, akasema kama Tiro na Sidoni wangeona mambo hayo, wangetubu zamani. Siku ya hukumu Tiro itastahimili kuliko wao. Yaani kadiri ulivyosikia mahubiri mengi, ndivyo kesi yako ilivyo nzito. Hebu hesabu ni mahubiri mangapi umesikia tangu mwaka uanze.

BASI, "AHA" YETU IKO WAPI?

Sasa nirudi kwa ile video. Yule mtu ameshika Ezekieli 26 mkononi, anaona mji wa watu umebomolewa, na anasema "Aha!" Mnaona alichofanya? Amesoma unabii wa hukumu, na papo hapo ametenda kosa lililoleta hukumu hiyo. Amekuwa Tiro.

Najua wengi wetu tunaipenda Israeli na kuiombea, na ni vizuri. Zaburi inatuambia tuutakie Yerusalemu amani. Lakini kuipenda Israeli hakuhitaji kuchekelea watoto wa Lebanoni. Mithali 24:17-18 inakataza kufurahi adui yako aangukapo, na inatoa sababu: Bwana ataona, na hatapendezwa.

Tuje karibu zaidi, nyumbani. Soko likishika moto usiku, na asubuhi wewe mwenye duka upande wa pili unaongeza bei kwa sababu washindani wako wamebaki na majivu, hiyo ni "Aha". Mwenzako akifutwa kazi, nawe kabla hajafungasha vitu vyake umeshaanza kupima kiti chake, hiyo ni "Aha". Kanisa jirani likigawanyika, nasi tukapanga viti vya ziada tukimshukuru Mungu kwa ongezeko la washirika, wapendwa, hiyo ni "Aha" yenye maikrofoni. Na kabila lingine likipatwa na janga, ukasikia kitu kidogo ndani kinasema "walizoea," hicho kitu kidogo ndicho Mungu alikisikia Tiro.

Kuna njia nyingine ya kufanya biashara siku jirani ameungua. Unaweza kumpa mzigo kwa mkopo asimame tena. Unaweza kumwazima kona ya kibanda chako kwa miezi miwili. Unaweza kumwelekeza mteja wake kwake akifungua. Utapoteza faida kidogo, ndiyo. Lakini utakuwa umekataa kuandika jina lako kwenye daftari la Tiro.

Halafu kuna hili la pili, na nitalisema polepole. Kuna mawakala wa ajira wanaopeleka vijana wetu ng'ambo. Wako waaminifu, Mungu awabariki, wanafuata sheria na kumfuatilia kila waliyempeleka. Lakini wako wengine. Wanamwambia msichana mshahara huu, akifika anakuta mwingine. Katika Lebanoni na nchi kadhaa za Ghuba kuna utaratibu unaoitwa kafala, ambapo kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Akinyang'anywa pasipoti na kupigwa, kuondoka tu kunaweza kumfanya aonekane mvunja sheria. Wakala anayejua hayo, akamficha msichana, akachukua pesa yake na simu akazima, amefanya nini tofauti na karani wa Ezekieli 27:13? Ameandika mtu na sufuria katika mstari mmoja.

Kama kuna wakala wa aina hiyo anayesoma karatasi hii, na kama fungu lako la kumi linatoka hapo, sikia: Mungu haoshi pesa. Usituletee. Kwanza washa simu. Watafute waliokwama, waambie wazazi wao ukweli, rudisha ulichochukua, msaidie aliye na shida arudi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kabla ya kuitwa mwana wa Ibrahimu. Njoo tuongee, mlango wa ofisi uko wazi, na sitakupigia kelele.

UFUKWE WA TIRO

Namalizia na picha ambayo wengi huipita mbio. Matendo 21:3-6. Paulo anasafiri kwenda Yerusalemu, na chombo chake kinatia nanga Tiro kushusha shehena. Biashara inaendelea, mizigo inashushwa kama zamani. Paulo anatafuta, na anawapata wanafunzi. Kuna kanisa Tiro! Anakaa nao siku saba.

Angalia walichofanya hao watu. Kwa Roho walimwonya Paulo asipande kwenda Yerusalemu, kwa sababu hatari ilikuwa inamngoja huko. Siku ya kuondoka walimsindikiza wote, pamoja na wake zao na watoto, mpaka nje ya mji. Wakapiga magoti ufukweni, wakaomba.

Yaani katika Ezekieli, Tiro ilitazama maumivu ya Yerusalemu ikasema "Aha." Katika Matendo, watu wa Tiro wanawaza maumivu yanayomngoja ndugu yao Yerusalemu, wanapiga magoti mchangani na watoto wao. Ni mji ule ule na bahari ile ile. Mungu alivunja kiburi cha Tiro, lakini alibaki na watu Tiro. Isaya aliona mbali alipoandika katika 23:18 kwamba ipo siku faida ya Tiro itawekwa wakfu kwa Bwana, isirundikwe ghalani, bali iwalishe na kuwavika wakaao mbele zake.

Huo ndio mwisho ambao Mungu anautaka kwa taifa analolihukumu. Ukisoma unabii wa hukumu ukaishia kwenye kifusi, hujamaliza kusoma. Endelea mpaka ufike ufukweni, mahali watu wamepiga magoti.

MAMBO YA KUOMBEA WIKI HII

Jumatatu na Jumanne: tubu "Aha" yako. Mtaje kwa jina mtu uliyefurahia anguko lake. Umbariki.

Jumatano: tuombee vijana wetu walio Lebanoni na nchi za Ghuba. Mzazi mwenye mtoto huko alete jina, tutaliombea katika funzo la Biblia. Mwenye mtoto aliyekwama aje na nakala ya mkataba na jina la wakala. Kuna washirika wanaojua taratibu za kufuata serikalini, nao wamekubali kusaidia.

Alhamisi na Ijumaa: tuwaombee watu wa Lebanoni na watu wa Israeli, amani na toba. Kuna waamini wenzetu pande zote mbili.

Jumamosi: weka biashara yako mbele za Bwana. Fungua daftari lako, utazame kila mstari.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Ezekieli 26:2. Ni mazingira gani kazini au sokoni hukufanya useme "Aha"?

2. Soma Ezekieli 29:17-20. Tunajifunza nini kuhusu nabii anayekubali kuandika mambo yalivyotokea?

3. Soma Matendo 21:5. Watoto walikuwepo ufukweni. Watoto wetu wanatusikia tukisema nini jirani anapoanguka?

Mungu akubariki unapojifunza Neno lake. Tuonane Jumapili. Amina.